Kabla ya Kupigwa Muhuri: Kamishna wa Viapo Hufanya Kazi Gani, na Sisi Tujitayarisheje?



Somo la mara hii ni la karatasi. Tunajua wengi wenu mtasema, "Ah, karatasi tena!" Lakini tumeona nyumba zikipotea kwa ajili ya karatasi, na tumeona nyumba zikiokolewa na karatasi. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata daftari likiwapo, likiwa na uongo ndani yake, mali itapotea vilevile.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza tofauti kati ya chifu, kamishna wa viapo na notari;
(b) kusema ni wakati gani hati ya kiapo inahitajika;
(c) kujitayarisha vizuri kabla ya kwenda kwa wakili;
(d) kutambua muhuri wa udanganyifu.

Kisa cha mama wa Fezi ya Pili

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na mambo tuliyoyasikia katika vikundi mbalimbali. Hakimhusu mtu mmoja, lakini wengi mtajiona ndani yake.

Mama mmoja alifiwa na mumewe. Mume alikuwa na ploti aliyopewa zamani, mradi ulipokuwa ukianza. Palikuwa na vyumba sita. Familia ilikaa katika viwili na vinne vilipangishwa. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo za watoto. Ploti ilikuwa bado kwa jina la marehemu, kwa hiyo mama akaambiwa afungue kesi ya urithi mahakamani.

Mama akaenda kwenye kibanda cha kutoa kopi. Kijana wa pale akamwambia, "Mama, usihangaike na mawakili. Mimi nina fomu tayari. Nipe jina lako tu." Akabadilisha majina kwenye hati ya mtu mwingine, akaichapa, akatoa muhuri kwenye droo, akaugonga. Mama akatia sahihi palepale. Hakusomewa neno hata moja, na wakili hakumwona kwa macho.

Mama alikuwa na watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike walioolewa. Hati ile ilisema marehemu aliacha watoto wawili, kwa sababu yule mtu wa kwanza, mwenye fomu, alikuwa na watoto wawili. Shemeji yake, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiitamani ploti, alikwenda mahakamani na kusema, "Tazameni. Mama huyu ameapa uongo. Amewaficha watoto wa ndugu yangu. Atawezaje kuaminiwa na mali?" Mama akabaki ameduwaa. Hakuwa amedanganya mtu, ila karatasi yenye sahihi yake ilikuwa imedanganya kwa niaba yake.

Tutarudi kwa mama huyu mwishoni. Kwanza tujifunze.

1. Watu watatu tunaowachanganya

Chifu na naibu wake. Hawa wanatujua mtaani. Chifu huandika barua ya kumtambulisha mtu, kwa mfano barua ya kusema fulani alikuwa mkazi wa hapa na hawa ndio jamaa zake aliowaacha. Barua hiyo ina maana kubwa katika kesi ya urithi. Lakini chifu si kamishna wa viapo. Muhuri wake haugeuzi karatasi kuwa hati ya kiapo.

Kamishna wa viapo. Huyu ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu ili aweze kuapisha watu nje ya chumba cha mahakama. Mahakimu na wasajili wa Mahakama Kuu pia wana uwezo huo kwa sababu ya vyeo vyao. Kazi hii inaongozwa na Sheria ya Viapo na Matamko, ambayo ni Sura ya 15 ya Sheria za Kenya. Kwa mambo mengi ya hapa nyumbani, huyu ndiye tunayemhitaji.

Notari. Huyu naye ni wakili, tena mwenye uzoefu wa miaka, aliyeteuliwa chini ya sheria nyingine, Sura ya 17. Sahihi na muhuri wake hutumika hasa kwa hati zinazokwenda nchi za nje. Mtoto wako akitaka kusoma ng'ambo, au kuna mali ya ndugu aliyefia huko, au unampa mtu wa nchi nyingine uwezo wa kukuwakilisha, ndipo utaambiwa utafute notari. Mara nyingi hati hiyo baadaye hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ithibitishwe, kisha ubalozi wa nchi inayohusika. Kwa hiyo kabla hujatoa senti, iulize ofisi inayoitaka hati: mnataka kamishna, notari, au notari pamoja na wizara? Waombe wakuandikie.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wenye jamaa ng'ambo. Huko Marekani notari si lazima awe wakili. Anaweza kuwa karani wa benki au mwenye duka, na watu huenda kwake kama wanavyokwenda kununua stempu. Basi jamaa atapiga simu, "Nenda tu dukani wakugongee." Hapa Kenya si hivyo. Lazima awe wakili. Jirani zetu wa Tanzania wao wana sheria moja kwa kazi zote mbili, na wakili mmoja ndiye notari na ndiye kamishna.

2. Hati ya kiapo ni kitu gani?

Hati ya kiapo, ambayo wengi huiita afidaviti, ni maneno ya mtu aliyoyaandika na kuyaapia kwamba ni ya kweli. Ni kama kusimama kizimbani, ila unasimama kwa maandishi. Ndiyo sababu kuapa uongo ni kosa la jinai, na mtu anaweza kufungwa kwa ajili yake.

Kwa kawaida hati ya kiapo ina sehemu hizi:

Kwanza, jina na anwani ya anayeapa. Mfano: "Mimi, (majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho), mwenye kitambulisho nambari fulani, wa Sanduku la Posta fulani, Nairobi, naapa na kusema hivi:"

Pili, maneno yenyewe, yamegawanywa kwa nambari 1, 2, 3. Kila nambari ina jambo moja. Jambo unalolijua mwenyewe useme unalijua. Jambo uliloambiwa, useme ni nani aliyekuambia.

Tatu, neno la mwisho la kusema kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli kwa kadiri unavyojua na kuamini.

Nne, mahali pa kiapo. Hapa huandikwa mji ulipoapia na tarehe. Wewe unatia sahihi, na kamishna anatia sahihi, jina na muhuri wake. Sheria inamtaka aandike kwa ukweli mahali na siku kiapo kilipofanyika. Kwa hiyo kuandika tarehe ya juzi ni makosa, hata ukiwa na haraka namna gani.

Tano, viambatisho. Hizi ni kopi za vyeti unavyovitaja ndani ya kiapo, kama cheti cha kifo au barua ya ploti. Kila kimoja hupewa herufi au alama yake na kupigwa muhuri wa kamishna.

Wengine kanisani wametuuliza, "Je, mtu ambaye dhamiri yake haimruhusu kuapa afanye nini?" Sheria imemfikiria. Anaweza kutoa tamko la dhati badala ya kiapo, na lina nguvu ileile. Na mtu wa dini nyingine huapa kwa namna inayomfunga yeye katika imani yake. Mwambie kamishna mapema.

3. Sisi watu wa Dandora tunaihitaji wapi?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya na Baraza la Jiji la Nairobi walianza mradi wa Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Zilipangwa ploti zipatazo 6,000 kwa ajili ya watu wenye mapato madogo. Mwenye ploti alipewa kiwanja chenye huduma za msingi kama choo, bafu na maji, na vyumba akajijengea pole pole. Wengi walijenga kwa kusaidiana katika vikundi, kama sisi tunavyofanya leo.

Sasa hesabu miaka. Aliyepata ploti akiwa na miaka 30 wakati ule, leo ni mzee sana au ameshatuacha. Wengine waliuza kwa karatasi ya mkononi, wakapeana pesa mbele ya mashahidi wawili, basi. Majina yaliandikwa na makarani waliokuwa na haraka. Ndiyo maana Dandora ina kazi nyingi za viapo kuliko mtu anavyodhani. Hizi ndizo tunazoziona mara kwa mara:

(a) Majina yasiyolingana. Barua ya ploti inasema "Mutuwa", kitambulisho kinasema "Mutua", cheti cha ubatizo kina jina la tatu ambalo halipo kwingine. Hati ya kiapo hueleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Lakini angalia: kiapo hiki hakibadilishi jina lako. Kubadilisha jina kwa kudumu kuna njia yake nyingine ya kusajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

(b) Kesi ya urithi. Anayeomba kusimamia mali ya marehemu huapa akitaja mali, madeni na warithi. Taja watoto wote, wa kike na wa kiume, walioolewa na wasioolewa. Sheria ya Urithi haisemi binti aliyeolewa aachwe nje. Ombi likishatangazwa katika Gazeti Rasmi, watu hupewa siku zisizopungua 30 za kulipinga. Mtu uliyemficha atajitokeza ndani ya siku hizo, au hata baadaye.

(c) Hati ya ardhi iliyopotea. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mwenye mali hutoa tamko la kisheria la jinsi hati ilivyopotea, na kunakuwa na tangazo la siku 60 kabla ya hati nyingine kutolewa. Anza kwa kuripoti polisi upate abstrakti.

(d) Idhini ya mume au mke. Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Sheria za mwaka 2012 na 2013 zimelisema hili wazi. Mara nyingi idhini hiyo huandikwa kama kiapo. Akina mama, msitie sahihi kwa kuambiwa, "Weka tu hapa, ni mambo ya benki." Someni kwanza.

(e) Fomu za basari na mikopo ya wanafunzi, na safari za watoto. Fomu kadhaa zina sehemu ya kamishna. Na mtoto akisafiri nje ya nchi na mzazi mmoja au na jamaa, anaweza kuhitaji idhini ya mzazi iliyoapiwa.

(f) Kopi zilizothibitishwa. Ukitakiwa kupeleka kopi iliyothibitishwa, wakili lazima aone cheti chenyewe halisi na kukilinganisha na kopi. Ukienda na kopi peke yake umekwenda bure.

4. Kujitayarisha: hatua saba

Hatua ya 1. Jua hati inatakiwa na nani, na kwa kazi gani. Nenda kwanza kwenye ofisi inayoitaka. Uliza kama wana fomu yao, kopi ngapi zinatakiwa, na viambatisho gani. Hatua hii huokoa nauli nyingi.

Hatua ya 2. Kusanya vyeti halisi, usiende na kopi tu. Kitambulisho ni cha lazima, kwa maana kamishna anahitaji kujua kwamba wewe ndiwe wewe. Beba pia cheti cha kuzaliwa, cha ndoa au cha kifo, barua ya ploti, risiti za ardhi, abstrakti ya polisi, kulingana na jambo lako. Viweke kwenye bahasha moja. Usivitie kwenye mfuko wa sukuma wiki!

Hatua ya 3. Linganisha majina na nambari. Keti mezani na mtoto anayejua kusoma vizuri. Andika kwenye daftari jina linavyoonekana kwenye kila cheti, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti weka alama. Fanya hivyo pia kwa nambari ya kitambulisho, nambari ya ploti na tarehe.

Hatua ya 4. Andika habari yako kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Nini kilitokea, lini, nani alikuwapo. Usitie chumvi. Usichokijua sema hukijui. Hii ndiyo utakayompa wakili aiweke katika umbo la hati.

Hatua ya 5. Hakikisha wakili ni wakili kweli. Mawakili hupewa cheti cha kufanya kazi kila mwaka. Chama cha Mawakili cha Kenya huweka orodha ambayo mtu anaweza kuiangalia hata kwa simu. Mwombe kijana wa kikundi akuangalizie jina. Kama hayumo, au imeandikwa kwamba haruhusiwi kufanya kazi, ondoka polepole.

Hatua ya 6. Uliza bei kabla. Kuandika hati ni kazi moja, na kuapisha ni kazi nyingine. Wakili anaweza kukutoza kwa kila moja, na wakati mwingine kwa kila kiambatisho. Uliza yote ni pesa ngapi, na uombe risiti.

Hatua ya 7. Usitie sahihi nyumbani. Hili tunalirudia: usitie sahihi nyumbani! Sahihi ya kiapo hutiwa mbele ya kamishna. Na huwezi kumtuma mtoto wala jirani akaape kwa niaba yako. Mgonjwa asiyeweza kutoka, jamaa zake waongee na kamishna aje nyumbani au hospitalini.

5. Ukiwa mbele ya kamishna

Atakuuliza jina lako na kukitazama kitambulisho. Atakuuliza kama umeisoma hati na kuielewa, na kama ni kweli. Atakuapisha, nawe utatia sahihi. Ndipo atatia sahihi yake na muhuri. Kazi yote inaweza kuchukua dakika chache tu, lakini dakika hizo ni zako. Usione haya kusema, "Samahani wakili, hapa sijaelewa."

Kabla ya kuondoka angalia mambo haya:
- Je, tarehe na mahali vimeandikwa?
- Je, jina la kamishna linasomeka kwenye muhuri?
- Je, kila kiambatisho kimepigwa muhuri na kuwekwa alama?
- Je, kuna nafasi tupu ambayo mtu anaweza kujaza baadaye? Ipigwe mstari.
- Je, mahali palipofutwa au kusahihishwa pana sahihi fupi ya wewe na ya kamishna?
- Je, jina la aliyeitayarisha hati limeandikwa chini?

Jambo lingine. Wakili anayekutetea katika kesi hawezi kuwa yuleyule anayekuapisha kwa ajili ya kesi hiyo. Sheria imekataza. Kwa hiyo wakili wako akikuambia, "Nenda ofisi ya pili ukaapishwe," hakutupi. Anafuata sheria.

6. Wasiojua kusoma, wasioona, na wasiojua Kiingereza

Hati nyingi za kiapo bado huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wengi wa wazazi wetu hutia sahihi kwenye maneno wasiyoyajua. Hapo ndipo matapeli wanapoingilia.

Kanuni za viapo zina mpango kwa watu hawa. Asiyejua kusoma au asiyeona, hati lazima asomewe kwanza, na kamishna aridhike kwamba ameielewa. Kisha mtu huyo huweka alama yake au kidole gumba, na chini huandikwa kwamba alisomewa na akaonekana kuelewa. Kama kuna mkalimani, hilo nalo huandikwa.

Tunawasihi: mtu wa kusoma asiwe yule anayefaidika na hati. Mwana anayetaka ploti asiwe ndiye anayemtafsiria babake hati ya ploti. Mwombeni mwanakikundi mnayemwamini afuatane na mzee.

7. Muhuri hauwezi kufanya nini?

Hapa ndipo wengi huponzeka. Watu huuogopa muhuri kana kwamba una nguvu za ajabu.

Kwanza, muhuri haugeuzi uongo kuwa kweli. Kamishna hashuhudii kwamba maneno yako ni kweli. Anashuhudia kwamba wewe ulikuja mbele yake, siku ile, ukaapa. Mzigo wa ukweli ni wako.

Pili, muhuri haukupi ploti. Mtu akikuonyesha hati ya kiapo inayosema, "Mimi ndiye mwenye ploti hii na nimemuuzia fulani," hiyo peke yake si umiliki. Nenda ukafanye uchunguzi kwenye ofisi ya ardhi uone jina lililosajiliwa. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi za ardhi Nairobi hupitia Ardhisasa, mtambo wa serikali uliozinduliwa Aprili 2021. Tena tangu tarehe 1 Juni 2003, mapatano ya kuuziana ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo ikitiwa. Mapatano ya mdomo na chai hayatoshi.

Tatu, muhuri uliogongwa bila wewe kumwona kamishna unaweza kukuangusha. Upinzani ukija, swali la kwanza litakuwa, "Uliapa mbele ya nani?" Utajibu nini?

8. Na kikundi chetu je?

Vikundi vingi hudhani kila karatasi ya kikundi ipelekwe kwa wakili. La. Katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mikutano ni kazi yenu wenyewe, na usajili hufanywa na ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Wakili atahitajika kikundi kinaponunua ploti, kinapokopa kwa dhamana, au stakabadhi zinapopotea.

Tunashauri kila kikundi kifanye mambo matatu. Kichague wanachama wawili wa kufuatana na wazee na wajane wanapokwenda kuapa. Kiweke daftari la ofisi na mawakili ambao wanachama wamehudumiwa nao vizuri. Na kila mwaka kiwe na siku moja ya "bahasha ya nyumbani", ambapo kila mtu anakagua vyeti vyake na kuona majina yanayogongana akiwa bado hai. Kurekebisha jina wakati mwenyewe yuko hai na anaweza kuapa ni kazi ndogo. Akishazikwa, ni kazi ya watoto, na ni kubwa.

Mwisho wa kisa

Yule mama wa Fezi ya Pili alifanyaje? Alilia siku mbili. Siku ya tatu alikuja kikundini akasema yote, hata sehemu iliyomwaibisha. Wanawake wawili wakafuatana naye hadi kwa wakili. Wakili akamwambia ukweli: hati ya kwanza haiwezi kurudishwa kana kwamba haikuwapo, lakini anaweza kuapa nyingine ya kueleza kosa lilivyotokea na kutaja watoto wote wanne. Safari hii alisomewa kila mstari kwa Kiswahili. Mahali pamoja alisema, "Hapana, huyo alizaliwa Machakos, si Nairobi," pakasahihishwa.

Mabinti wawili waliitwa kutoka kwa waume zao, wakatia sahihi za kukubali mama yao asimamie mali. Walipofika mbele ya hakimu, shemeji alirudia maneno yake. Hakimu akawauliza mabinti, "Mama yenu aliwaficha?" Wakajibu, "Hapana. Karatasi ndiyo iliyotuficha." Kesi iliendelea. Ilichukua miezi zaidi ya iliyokusudiwa na gharama mara mbili, na muhula mmoja kitinda mimba alikaa nyumbani kwa kukosa karo. Lakini vyumba sita vilibaki kuwa vya familia.

Tunapenda kuwauliza: muhula ule mmoja ulitokana na nini? Ulitokana na dakika kumi ambazo mama hakupewa za kusomewa alichokiapia.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni nani kati yetu amewahi kutia sahihi karatasi bila kuisoma? Kwa nini hakuisoma? Aliona haya, alikuwa na haraka, au alimwamini mtu?
2. Chifu, kamishna wa viapo na notari wanatofautianaje? Kila mmoja atoe mfano.
3. Jirani anakuomba ushuhudie mauzo ya ploti ambayo hukuyaona yakifanyika. Utamjibu nini bila kuvunja ujirani?
4. Kuna mzee katika eneo letu ambaye majina yake hayalingani kwenye vyeti? Tumsaidieje mwezi huu?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja atoe vyeti vyake vyote, aandike jina lake kama lilivyo kwenye kila kimoja, na alete daftari hilo. Vyeti vyenyewe viacheni nyumbani, mahali pakavu.

Tunawatakia kazi njema. Someni kwanza, elewa kwanza, ndipo mtie sahihi.